Shati la Zachariah Linafungwa Kike

Zachariah wangu alikuwa mume wa Ijumaa. Siku zingine zote alikuwa wa Kisii mjini, wa baraza la duka la Mhindi Rasiklal, wa cherehani. Mimi nilikuwa huku Ekerenyo na majani chai na ng'ombe, na watoto wakati walipokuwa bado watoto. Ijumaa jua likianza kulegea nilikuwa nasikia viatu vyake kwenye kokoto, halafu kikohozi, halafu anasimama mlangoni pa nyumba aliyoijenga mwenyewe na kupiga hodi kama mgeni.

"Hodi."

"Nani huyo?"

"Ni fundi. Hapa kuna nguo ya kushona?"

"Nguo zipo. Pesa ndiyo hakuna."

"Basi nitalipwa ugali."

Ndipo aingie, ameinamisha kichwa kwa sababu mlango uliwekwa na seremala mfupi kuliko yeye, na kwapani amebana furushi la vitambaa vilivyobaki dukani. Mimi nitakuwa nimeshaivisha chinsaga kwa maziwa, zile mboga zetu chungu ambazo mjini walikuwa wanamuuzia zikiwa zimenyauka. Atakula kimya. Jua litazama, Sabato itaingia, na Jumapili alasiri ataondoka. Hivyo ndivyo tulivyoishi tangu nikiwa na kiuno cha kushikwa kwa viganja viwili. Kitanda changu kilijua uzito wa mtu mmoja kuliko wa wawili.

Watu wa huku hawakumjua vizuri, ndiyo maana namwandika. Wanasema tu, yule mzee mkimya wa mjini. Hakuwa mkimya. Alikuwa anaangalia. Ukimsalimu, macho yake yanakwenda begani kwako kabla hayajafika usoni. Alikuwa anasema hakuna mtu mwenye mabega mawili sawa, na aliyebeba mtungi utotoni anajulikana hata akivaa koti la waziri. Unifomu za watoto wa shule alizishona nyingi mno. Siku ya mkutano mkubwa wa kanisa kule kilima cha Nyanchwa hakusikia neno la mhubiri. Alikuwa anafuata pindo za sketi za wasichana wa kwaya, na mimi nikamfinya, nikidhani ni uzee mbaya.

"Unaangalia nini?"

"Ile ya tatu si yangu," akanong'ona. "Angalia inavyoning'inia. Aliyeishona alikuwa na njaa."

Kiburi alikuwa nacho. Hakutoka nje kola ikiwa wazi, hata kwenda chooni. Na mimi ninacho changu, sikatai. Alinichumbia nikamkataa, akarudi nikamkataa tena, akaacha kurudi, nikamtumia salamu kwamba kama amechoka aseme amechoka. Hatukuwa watu wa kubembelezana.

Mkono wake wa kulia ulimwacha asubuhi moja akiwa kazini. Rasiklal mwenyewe ndiye aliyenihadithia. Cherehani ilinyamaza, akainua macho kutoka kwa hesabu zake, akamwona Zachariah anautazama mkono wake juu ya kitambaa kama mtu anayetazama kitu kilichosahauliwa na mteja. Mguu wa kulia nao ukafuata. Walimkimbiza hospitali kwa gari la duka. Mdomo ulipinda kisha ukarudi, maneno yakarudi makali kama yalivyokuwa, mguu ukakubali kuburutwa. Mkono haukurudi. Ulikaa mapajani mwake, mzito, wa baridi, mgeni asiyeaga.

Wakamleta nyumbani. Nitasema wazi kwa maana sina wa kumwogopa: nililia kwa ajili ya mkono, na nikafurahi kwa ajili ya mtu. Jumatatu ikafika, na yuko. Jumanne, yuko. Nikitoka kuchuma chai asubuhi na ukungu bado umelalia vichaka, nilikuwa najua nikirudi na kikapu mgongoni kuna mtu wa kuniuliza mbona nimechelewa.

Lakini yeye masikio yake yalikuwa barabarani. Gari lolote likipanda kilima anageuza shingo.

Halafu Rasiklal akaja. Mzee mwenzetu, nywele zimekwisha. Duka alirithi kwa baba yake, yeye na Zachariah walikutana pale wote wawili wakiwa vijana. Aliketi kwenye kiti chetu kizuri, akazungusha kofia mikononi.

"Fundi," akasema, "wewe unajua mimi niliweka ninyi wote kwa bima."

"Najua."

"Sasa watatuma mtu kukuangalia. Wakisema unaweza, cherehani yako iko palepale, hakuna mtu ameikalia. Wakisema huwezi, watakuwa wanakulipa ukae nyumbani, na mimi itabidi niweke fundi mwingine. Si mimi, fundi. Ni bima."

"Waambie waje," Zachariah akasema. "Nitarudi."

Rasiklal akanitazama mimi. Mimi nikatazama kuku.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo, na kila mtu aliyajua: mtu wa bima akisema Zachariah anaweza, nitarudi kuwa mke wa Ijumaa. Akisema hawezi, ni wangu siku zote. Yeye alitaka la kwanza. Mimi sikuulizwa.

"Na huo mkono?" nilimuuliza Zachariah, Rasiklal alipokwisha kuondoka.

"Vidole vyangu vimebaki kule barazani," akasema. "Nikikaa pale vitanikumbuka."

Akaanza mazoezi kama mwanafunzi wa darasa la nane. Alikuwa amesikia kwa mtu wa Suneka aliyewahi kutembelewa na bima kwamba hao watu hawakuulizi kazi yako. Hawatakuletea cherehani. Wanataka kuona vitu vya nyumbani tu: unakulaje, unavaaje, unatokaje kitandani. Yule mtu wa Suneka alishangaa sana, mgongo wake umevunjika kwa kubeba matofali na wao wanamuuliza habari za kijiko! Basi Zachariah akajifunza kijiko kwa mkono wa kushoto. Akajifunza kikombe. Akajifunza kutoka kitandani kwa kujiviringisha kama gogo, kisha kusimama kwa kushika dirisha. Kutembea mpaka chooni kwa fimbo alikwisha kujua, ni kwa ajili ya kiburi.

Vifungo ndivyo vilivyomshinda. Mtu aliyetoboa matundu ya vifungo vya nusu ya watoto wa Kisii, alikaa kitandani asubuhi nzima na kifungo kimoja. Nikimkaribia ananifukuza. Nikiondoka ananiita.

Siku moja akaniambia, "Nyaboke, niletee blauzi yako."

"Ya nini?"

"Lete."

Akaivaa juu ya fulana. Mkono wa kushoto ukazunguka, ukakamata kifungo, ukakisukuma kikaingia. Kingine, kikaingia. Nilikuwa naangalia kama mtu anayeangalia kiinimacho. Ndipo akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelivaa maisha yangu yote bila kulijua. Shati la mwanamume vifungo vyake vinakaa upande wa kulia, na la mwanamke vinakaa kushoto. Mafundi hawajui kwa nini, ni desturi tu waliyoikuta. Mkono ulio upande wa vifungo ndio unaosukuma. Wa kwake wa kulia umekufa, basi shati la kike ndilo linalomfaa.

"Sasa utakutana na watu wa bima umevaa maua yangu?" nikacheka mpaka nikashika mbavu.

"Sitavaa maua yako. Tutashona."

"Sisi na nani?"

Tulikuwa na cherehani ya mkono, ya zamani, ambayo Rasiklal alimpa mwanetu Onsongo alipooa, na mke wa Onsongo hakuitaka. Inazungushwa kwa mpini ulio upande wa kulia. Mimi katika maisha yangu nilikuwa sijashona hata kiraka, mke wa fundi ashone kiraka kwa nini? Akanikalisha kuliani kwake, bega kwa bega. Mkono wake wa kushoto ukaongoza kitambaa, mkono wangu wa kulia ukazungusha mpini. Sisi wawili tukawa fundi mmoja.

Fundi mwenyewe mkali!

"Polepole! Unasaga mahindi?"

"Wewe sukuma kitambaa chako."

"Simama. Nimesema simama, mama wewe. Umenishonea kidole."

"Hicho kidole chenyewe hukisikii."

"Cha kushoto nasikia!"

Na wakati wa kupima akanipa chaki, nikapitisha mstari, akauangalia kwa jicho moja, akasema huo si mstari, huo ni mto Gucha. Akanifutisha. Nikapitisha tena. Nilikuwa namnusa, ile harufu ya mafuta ya cherehani iliyokuwa inakuja Ijumaa peke yake, sasa iko nyumbani katikati ya wiki. Tulipofika kwenye matundu ya vifungo niliyashona vibaya makusudi, tukafumua. Nilitaka shati lichukue muda. Yeye alikuwa na haraka.

Likaisha. Shati la samawati, kola imesimama, upande wa vifungo ni wa kike. Mtu asiyejua hawezi kuona.

Mtu wa bima akaja na boda. Tulitegemea mwanamume mwenye tai. Akashuka msichana mwembamba amejitanda mtandio mweusi, viatu vimejaa tope letu, akabisha hodi vizuri kabisa na kuvua viatu mlangoni. Jina lake Deka, mtoto wa Kisii mjini, wa zile familia za Waislamu wa sokoni. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama cha redio.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Zachariah akajibu, na akasimama. Akasimama peke yake, kwa dirisha, na kumpa mkono wa kushoto. Alikuwa amenyolewa, amevaa shati lake. Asubuhi ile nilikuwa nimesugua sakafu mpaka ikang'aa, maana kwetu mgeni hapokelewi na uchafu wala na mtu aliyelala.

Bonareri, mke wa Onsongo, akaleta uji wa wimbi. Sisi chai tunaichuma lakini hatuinywi, kanisa letu la Sabato linakataza. Zachariah akainua kikombe kwa kushoto, akanywa, akakiweka bila kumwaga. Deka akagusa simu yake kubwa kama sinia. Akamuuliza habari za kutoka kitandani, akamwonyesha. Akamwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi, akatembea. Msichana akatabasamu kwa kushangaa.

"Mzee, niseme ukweli. Watu wengi nikifika wanajifanya wagonjwa. Wewe ni wa kwanza kujifanya mzima."

"Sijifanyi," Zachariah akasema. "Andika."

"Haya. Kuoga je? Unaoga mwenyewe? Na chooni, unajisafisha mwenyewe?"

Bonareri alikuwa bado yuko pale na birika la uji. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni: mke wa mwana na baba mkwe hawapeani hata mikono, na habari za mwili wa mzazi hazitajwi mbele ya mtoto. Bonareri alitua birika chini, akajifunika uso kwa leso, akatoka kwa mlango wa nyuma karibu amkanyage kuku. Zachariah akainua macho kwenye mabati ya paa na hakuyashusha.

Deka akaona. Mtandio wake akauvuta mbele kidogo. "Nisamehe, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Hata kwetu haya ipo. Lakini lazima niulize. Ni mambo sita wanayotaka kujua, na hilo ni mojawapo. Tunaweza kutoka nje, unijibu wewe."

Hapo ndipo ningeweza kulimaliza. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na lilikuwa la kweli. Beseni nalibeba mimi mpaka lile bafu la mabati, na mgongo huo nausugua mimi. Ningetoka nje, niseme maneno machache, na mume wangu angebaki nyumbani kwa haki kabisa. Lakini kumtoa mwanamume nje, nimvue nguo kwa mdomo mbele ya mgeni? Huyo ndiye aliyefunga kola kwenda chooni.

"Hakuna wa kutoka," nikasema. "Hapa nyumbani hakuna anayeoga peke yake. Mgongo wangu ananisugua yeye, wa kwake namsugua mimi. Wewe wa kwako unaufikia?"

Msichana akacheka hata akaziba mdomo. "Mama, hakuna mahali pa kuandika hilo."

"Basi acha wazi."

Nadhani angeacha. Alikuwa anafunga simu yake. Lakini Zachariah, kwa kuona ameshinda, akajinyoosha kwenye kiti, akajifungua kifungo cha juu na kukifunga tena kwa kidole na gumba, kama mtu anayejipangusa vumbi. Majivuno tu. Deka akatazama. Akatazama tena, karibu zaidi.

"Mzee, hilo shati ni la nani?"

"Langu."

"Mbona linafungwa kike?"

Zachariah akainyoosha kola.

"Mama yangu aliuza magauni Kisii sokoni mpaka nikaenda chuo," Deka akasema. "Mimi nimelelewa chini ya meza ya nguo. Hilo ni la kike, mzee."

"Siku hizi ni fasheni," Zachariah akasema.

Tulicheka wote watatu, hata yeye. Lakini macho ya msichana yakapanda ukutani, pale kwenye msumari linapotundikwa shati lake jeupe la Sabato. Lile alilishona mwenyewe kwa ajili ya harusi ya Onsongo, kwa mikono yake miwili. Matundu yake madogo, yamebana, huwezi kupitisha hata mbegu ya mtama. Mwenyewe alikuwa akisema kifungo kikilegea ni aibu ya fundi.

"Tafadhali vaa lile," Deka akasema. "Likifungwa, mimi nimemaliza kazi."

Nikamletea. Alilivaa vizuri, mkono uliokufa kwanza, kama alivyojifunza. Kifungo cha chini kikaingia baada ya jasho. Cha pili kikaingia nusu kikatoka. Kidole gumba kilikuwa kinasukuma, kifungo kinakimbia, anakifuata, kinakimbia. Huko nje ng'ombe alikuwa analia kwa kiu na hakuna aliyekwenda. Deka alikuwa ameketi ameinamisha kichwa, si mtoto mbaya, alikuwa anateseka na yeye.

"Mzee, yatosha."

"Bado."

Nilikalia mikono yangu. Namaanisha niliiweka chini ya mapaja nikaikalia, kwa sababu nilijua itafanya nini. Kifungo kikaingia. Akatupa jicho kwangu, jicho la kijana niliyemkataa. Akaenda kwa cha tatu. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye kola nyeupe. Kikateleza. Kikateleza. Mdomo ukapinda upande kama siku ile ya hospitali, na kola ile ilikuwa wazi mbele ya mgeni.

Mikono yangu ikatoka. Nilikuwa nimeshafika mbele yake, nimeshakifunga cha tatu, na cha nne, mpaka kola nimeifunga na kuilaza, kabla sijajua kwamba nimesimama.

Deka akagusa simu yake mara moja. Akavaa viatu vyake vya tope, akatuaga kwa heshima zote, boda likalia, likazama upande wa Nyamira.

"Nyaboke," Zachariah akasema, bila kunitazama. "Kilikuwa kinaingia."

Bonareri aliniuliza baadaye tukichambua mboga. "Mama, ulifanya makusudi?"

Nilimwambia aende akatafute kuni. Na wengine wakiuliza nitawatuma kuni hivyohivyo. Mke kumfunga mume wake kifungo tangu lini ni kesi?

Neno la bima likafika kwa njia ya Rasiklal: hawezi, akae nyumbani. Rasiklal hakuja mwenyewe. Alituma furushi, limefungwa kwa kitambaa cha khaki na kamba ya katani. Zachariah alilipima kwa mkono, akajua bila kulifungua. Ni mkasi wake, na kile kikofia cha chuma cha kidole. Akalisukuma chini ya kitanda.

Basi nikapata nilichokitamani. Nikawa na mume Jumatatu na Jumanne na Jumatano. Alikaa kando ya dirisha na shati la samawati, amelifunga mwenyewe. Watoto wa shule wakipita na sweta zao, macho yanafuata pindo mpaka zinapinda kona, halafu yanabaki pale konani. Hakunigombeza tena. Nikichelewa kutoka kwa chai haulizi. Nilizungusha mpini wa cherehani ile, ikalia bure bila kitambaa, nikidhani atapiga kelele kwamba nasaga mahindi. Akaniambia tu, "Sindano itakatika," kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Na Ijumaa ikafika. Niliivisha chinsaga kwa maziwa bila kufikiri, mikono inajua siku. Nikafagia uwanja. Jua likaanza kulegea, na mwili wangu wote ukageuka masikio, kama ulivyofanya tangu ujana wangu. Kokoto hazikulia. Zingeliaje? Mtu yuko ndani, namwona kisogo. Nilisimama jikoni na mwiko, nikamtamani Zachariah wangu, na Zachariah yuko hapo, mbali nami hatua chache. Nilimtamani yule anayekuja.

Ijumaa iliyofuata nikashindwa.

"Toka nje," nikamwambia.

"Niende wapi?"

"Nenda mpaka barabarani, urudi."

Akanitazama. "Wewe mwanamke una wazimu."

"Ninao. Nenda."

"Mguu huu? Nikachekwe na watu wa boda?"

Hakwenda. Alikula mboga zake akageukia ukuta. Nikasema moyoni, Nyaboke, umemkataa mara mbili naye amekukataa mara moja, bado anakudai.

Sikumwambia tena. Mimi sirudii.

Sasa ni msimu wa mvua ndogo, chai imechanua majani laini, na Ijumaa iliyopita nilikaa shambani kuliko kawaida kwa sababu sikuwa na haraka ya kurudi kupikia kisogo. Niliporudi, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Fimbo haipo. Bonareri hajui. Nilitazama chooni, nikatazama kwa ng'ombe. Moyo ukaniambia maneno mabaya. Nikaingia jikoni, nikashika mwiko ili nishike kitu.

Ndipo nikasikia kokoto.

Hazikulia kama zamani. Kiatu kimoja kinakanyaga, kingine kinaburutwa, na fimbo katikati. Zilikawia, zikasimama pale kwenye mgomba, zikaanza tena. Nilitaka kukimbia nimshike kwapa. Nikakaa kwenye kigoda, nikashikilia miguu yake ya mbao.

Kikohozi.

"Hodi."

Nikajiweka sawa kigodani.

"Nani huyo?"

Akapumua kwanza. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda kutoka Kisii kwa miguu.

"Ni fundi. Hapa kuna nguo ya kushona?"

"Nguo zipo," nikasema. "Pesa ndiyo hakuna."

Akainamisha kichwa, akaingia, shati la samawati, kola imefungwa. Kwapani, upande ule uliokufa, alikuwa amebana furushi la khaki. Hakuniuliza ugali uko wapi. Aliketi mezani, akaliweka furushi mbele yake, akaanza kufungua kamba ya katani kwa mkono wa kushoto na meno.

Fundo lilikuwa gumu. Wahindi wanajua kufunga.

Mboga zikapoa. Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya vichaka vya chai, na fundo bado halijafunguka, naye anahangaika nalo, anaguna, analigeuza, analirudia.

Nikakalia mikono yangu.